Shati Lililonyeshewa Mara Mbili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Aliyechoka na amsifu akiwa amekaa. Mimi mwenyewe nimeshuka ngazi za ghorofa nne kuja hapa, na magoti haya si ya ujana.

Wengi wenu hapa mtaani Huruma mnajua niliishi Dar es Salaam miaka miwili. Mlizisikia barua zangu, mke wangu Rispa akiwasomea: samaki kila siku, wali wa nazi, upepo wa bahari, chumba kikubwa kwa kodi ambayo hapa ingenipatia kona ya jikoni. Yote yalikuwa kweli. Niliacha tu kuandika kwamba sikuwa na mtu wa kula naye huyo samaki.

Nilikwenda huko baada ya kupunguzwa kazini. Mliniombea, mkaninunulia shati jeupe kule sokoni Gikomba, la mtumba lakini la heshima, kola yake ngumu kama shingo ya shemasi. Nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja. Kila Jumamosi nililifua shati hilo, nikalianika uani, nikalilinda kama kuku alindavyo vifaranga mwewe akipita.

Nilipanga kwa Mama Zuhura, mjane aliyekaanga maandazi barazani kila alfajiri. Ndugu zangu, mama yule alikuwa na salamu! Si hizi zetu za "Sasa?" "Poa," na mtu amekwisha kupita. Alianza na nilivyoamka, akaja kwenye usingizi, akauliza kazi, kisha akavuka mpaka: Mke hajambo? Watoto je? Wazazi kule Kakamega? Mvua imenyesha? Halafu akatulia, akingoja naye aulizwe hayo yote. Mimi mtu wa mitaa ya Eastlands, niliyezoea kuimeza chai nikiwa tayari mlangoni, niliona kama ninahojiwa na polisi.

Basi nikafanya kosa langu. Niligundua kwamba nyumba ina mlango wa nyuma. Nikawa ninatokea huko kabla makaa hayajashika moto, ninarudia huko huko, ninajifungia. Baada ya wiki kadhaa Mama Zuhura akaacha kuniulizia. Nikamshukuru Mungu! Nimesoma hadi chuo kikuu, ndugu zangu, kwa hiyo kiburi changu nilikiita utulivu. Nilianza hata kuandika insha kuhusu faida za upweke.

Nilikuwa ukurasa wa tatu malaria iliponikuta. Sisi wa Nairobi hatuijui malaria. Chandarua nilikiona kama pambo la bibi harusi. Shule ilikuwa imefungwa. Jumamosi nilianika shati, nikasema nijinyooshe kidogo. Sikuinuka tena. Siku ya pili sauti ilikuwa imekauka. Siku ya tatu sikuweza kuufikia mlango.

Na kilichoniumiza zaidi ya homa ni kwamba niliwasikia. Kila asubuhi, pale barazani, kila mtu aliulizwa habari za kila mtu. Asiyeonekana alitafutwa. Mimi hakuna aliyenitaja, kwa maana nilikuwa nimewafundisha kutoniulizia. Nikafikiri, nikifa hapa, nani atampelekea Rispa habari? Hata jina langu hawalijui. Huniita Mkenya tu.

Niliomba, ndugu zangu! Niliomba kwa Kiingereza, nikidhani jambo zito linahitaji lugha ya chuoni. Bwana, nitumie malaika.

Nikasikia sauti ya Mama Zuhura uani. "Shabani! Hebu njoo. Shati la Mkenya lilinyeshewa jana, na leo limenyeshewa tena."

Shabani alikuwa fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha mbele. "Si kalisahau, mama."

"Kalisahau? Huyu? Sisi ndio anaotusahau, shati hapana. Haliwezi kunyeshewa mara mbili naye akiwa mzima. Vunja mlango!"

Kitasa kikang'oka. Mama Zuhura akasimama juu yangu, mikono imejaa unga. Akaniangalia. Akasema, "Haya, Mkenya. Umeamkaje?"

Bwana asifiwe! Nililia kama mtoto.

"Na leo utazijibu zote," akasema. "Moja moja. Hatuna haraka."

Walinilaza kwenye mkokoteni wa nazi. Shabani akavuta, mama akanitandia khanga kichwani jua lisinichome, na njia nzima akawa anasalimia! Kwa muuza mkaa, tukasimama. Kwa mwenye genge la mboga, tukasimama. Nikasema moyoni, sasa nitafia ndani ya salamu. Lakini kila aliyesalimiwa aliuliza, "Mgonjwa ni nani?" kisha akashika mkokoteni. Tulipofika zahanati walikuwa wanane. Daktari alisema usiku mmoja zaidi ungetosha kuniua.

Mama Zuhura huswali msikitini. Sitalificha hilo ili ushuhuda wangu upendeze. Niliomba malaika, Mungu akamtuma mwanamke niliyekuwa nikimkimbia. Muda wote uliobaki nilipitia barazani, nikajibu zote, nikachelewa kazini karibu kila siku. Ile insha sikuimalizia.

Ninamshukuru Mungu aliyenitoa. Ila sitasema nimepona kabisa. Nimerudi kwetu, kwenye milango ya vyuma na makufuli, na asubuhi nyingine nikisikia jirani kwenye ngazi, mkono wangu unasita kwenye kitasa nikingoja apite. Nimechoka, ndugu zangu, sote tumechoka. Lakini ninafungua. Ninauliza habari za watoto, ninangoja jibu hadi mwisho.

Wewe uliyejifungia leo, mtumaini Bwana. Yeye husikia hata sauti iliyokauka. Ila usishangae akija na unga mikononi.

Mimi ninakaa ghorofa ya nne, upande wa barabara. Shati lile bado ninalo, kola imelegea, ninalianika dirishani. Mkiliona limenyeshewa mara mbili, msiniombee mkiwa huko chini. Pandeni.