Nilivyotafuta Mtu wa Kusema Kwamba Naishi Hapa

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Naona mwenyekiti ameshaitazama saa yake kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo sitazunguka. Sisi tuliomo humu tumefanana. Ujana wetu tuliumalizia nchi za jirani, tukarudi Tabora na pensheni inayotoka ng'ambo ya mpaka. Na nimewasikia pale nje mkinong'ona. Wapo wenye barua za kodi wamezifungia kabatini, hawataki hata kuziona. Yangu mimi ilikaa kwenye kopo la majani ya chai. Ndiyo maana nimekubali kusimama.

Mlioko mbele mnanijua kwa jina la Mama Nesi. Kazi ya unesi niliifanya Kisumu, nikamzika mume wangu huko huko. Mtoto Mungu hakutujalia. Nilipostaafu nilipanda meli hadi Mwanza, kutoka Mwanza nikapanda treni. Babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani, na nyumbani tulisimuliwa kwamba aliporudi wanawake walitoka kumlaki mbali kabisa na kijiji. Mimi nilishuka stesheni na masanduku mawili na cherehani, nikaangaza macho huku na huku. Hakuna aliyekuja. Nikamwita mwenye mkokoteni, tukaenda Itetemia, kwenye nyumba ambayo marehemu kaka yangu alinisimamia kuijenga.

Majirani walikuja siku ile ile, siwezi kuwasingizia. Niliwajibu salamu nikiwa nimesimama mlangoni, na mlangoni pakaishia. Siku ya pili akaja balozi wa nyumba kumi na daftari lake kwapani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuandika."

"Marahaba, mwanangu. Usijisumbue, mimi napita tu."

Akanitazama, akayatazama masanduku, akatazama bati jipya juu ya nyumba. "Haya, mama. Upite salama."

Mnacheka! Chekeni tu, na mimi leo nacheka. Lakini siku ile sikuwa natania. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikijiandikisha hapa, nimemwacha mume wangu peke yake kule. Kwa hiyo kila mwaka fomu ya pensheni ilipokuja kuniuliza unaishi wapi, niliandika anwani ya Kisumu, nyumbani kwa nesi mwenzangu, yeye akanitumia barua zangu huku. Nikaona nimekuwa mjanja. Mwili wangu uko Tabora, jina langu liko kwa mume wangu.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa mpweke. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema kwa mtu. Sukari ilipokuwa adimu, watu waligawiwa kwenye duka la ushirika kwa kufuata daftari la balozi. Mimi simo. Nikawa nakunywa chai bila sukari na kuwalaumu wao. Zilikuwepo siku nilizogundua jioni kwamba tangu asubuhi sijasikia sauti yangu, nikaanza kuongea na cherehani. Masika moja kifua kilinibana wiki nzima. Asubuhi nikafungua mlango, nikakuta bakuli la uji limefunikwa kwa sahani. Sikuuliza limetoka wapi. Nikanywa, nikaliosha, nikalirudisha pale pale chini. Kesho yake likaja tena. Hata siku moja sikutoka kuangalia ni nani.

Sasa hili lifuatalo ni gumu, mnivumilie. Jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu zimetengwa na ua wa mabua tu, alifiwa na mtoto. Nilisikia kilio kilivyoanza. Nikajifunga khanga, nikafika mlangoni, nikavuta komeo. Halafu nikarudisha komeo, nikaketi kitandani. Nesi mzima, niliyefumba macho ya watu wangapi wodini, nikaogopa kilio! Niliona nikiingia pale nitamlilia mume wangu mbele ya watu nisiowajua, na sitanyamaza. Matanga yote nilikaa ndani nikisubiri watu waondoke. Baada ya hapo, nilipopita, wanawake waliitikia salamu yangu kwa nusu mdomo. Walikuwa na haki.

Basi, barua zikaja. Ya kwanza ilitoka kule, inasema kodi ya pensheni yangu imepanda na inakatwa huko huko kabla haijatumwa. Nikaitia kwenye kopo. Ya pili ikatoka ofisi ya kodi hapa hapa mjini, inasema nimeonekana naishi Tabora, napokea pensheni kutoka nje na sijalipa kodi. Nayo nikaitia kwenye kopo. Ya tatu ikaja na tarehe ya mwisho. Nikapiga hesabu kichwani. Nikikatwa na wote wawili, nyumba siiwezi. Ningeiuza, nirudi kupanga chumba Kisumu, uzee huu, nife chumbani mwa mtu.

Nikaenda ofisini nimevimba. Yule karani alikuwa kijana mwenye adabu, akanivutia kiti.

"Mama, kule kwenye fomu zao umejiandika wewe ni mkazi wao. Watakukata. Na hapa ndipo unapolala na kuamka, nasi tutakudai. Utaratibu uliopo ni kwamba mstaafu analipa kwenye nchi anayoishi. Wao hawajakosea, na sisi hatujakosea."

"Sasa nani kakosea?"

Akainamisha kichwa. "Ni wewe, mama. Samahani."

Ningemzaba kofi! Lakini alisema kweli, na akanionyesha njia. Nilete barua ya balozi kwamba makazi yangu ni Itetemia, majirani wawili waithibitishe kwa sahihi au kwa dole gumba, ofisi iigonge muhuri, niipeleke kule waache kukata. Nikatoka nafurahi. Barua ya balozi! Kitu gani hicho? Nikafika kwa balozi nikamweleza. Akafungua daftari taratibu, ukurasa baada ya ukurasa, huku akijua vizuri kwamba simo.

"Mama, nakuheshimu sana. Ila uliniambia unapita. Au umeshachoka kupita?"

Akaona nimebadilika uso, akaacha utani. "Siwezi kuandika jambo ambalo watu hawalijui. Jumapili tuna mkutano mbele ya duka la ushirika. Njoo, nitawauliza wananchi."

Wastaafu wenzangu, nimewahi kusimama mbele ya madaktari wakali, sijawahi kuogopa kama siku ile. Balozi akasema, "Mama huyu anaomba tuthibitishe kwamba makazi yake ni hapa kwetu. Nani anamjua?"

Mzee mmoja akakohoa. "Kumwona tunamwona, akienda sokoni. Lakini hatujawahi kukaa naye."

Mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Msiba wa nani alifika?"

Nikaangalia viatu vyangu. Watu wote wale, miaka yote ile, na hakuna mmoja wa kusema huyu ni wetu. Sikuwalaumu. Nilijua nimeyataka mwenyewe, na ndicho kilichoniuma. Nikageuka niondoke.

Nikasikia sauti. "Mimi namjua."

Alikuwa yule jirani yangu wa ua wa mabua. Mfiwa. Alisimama pale na khanga yake begani, hakuniangalia mimi, alimwangalia balozi.

"Alfajiri anafagia uwanja, anaanzia upande wa jikoni. Jumamosi anashona. Cherehani ikikwama anaitukana Kijaluo." Watu wakaangua kicheko, yeye hakucheka. "Masika alikohoa wiki nzima, nikawa namwekea uji mlangoni. Bakuli alilirudisha limeoshwa. Na siku ya kilio changu nilitoka nyuma kunawa uso, nikasikia amevuta komeo la mlango wake. Nikasema, anakuja. Halafu nikasikia amelirudisha." Akaikaza khanga begani. "Nilikasirika sana. Baadaye nikasema, huyu naye ana wake anayemlilia. Balozi, mama huyu anaishi hapa. Andika."

Jamani. Mtu niliyemkosea kuliko wote pale ndiye aliyejua kwamba nipo.

Yule mzee wa kikohozi akasogea mbele. "Kama yeye amesema, mimi ni wa pili. Lete wino." Balozi akaandika barua juu ya kaunta ya duka, halafu akafungua daftari na kuniandika, nikiona kwa macho yangu.

Kutoka mkutanoni sikwenda kwangu. Nilimfuata jirani mpaka mlangoni kwake, nikakwama hapo. Msiba wa mwaka uliopita unaupa pole kwa maneno gani? Nikasema tu, "Pole, mwenzangu." Akasema, "Nimeshapoa. Ingia." Nikaingia. Tukalia wote wawili, yeye wa kwake, mimi wa kwangu, tangu saa nane mpaka wanawake wa mtaa wakaja kuuliza kuna nini. Nao wakaketi.

Fomu ilipokuja, mahali unapoishi niliandika Itetemia, Tabora. Nikamwambia marehemu mume wangu kwa sauti, baba, sikukuacha, ila huku ndiko ninakokaa. Barua zilikwenda na kurudi miezi kadhaa. Kule wakaacha kukata. Walichokwisha kukata hakikurudi chote, nisiwadanganye. Hapa nalipa, na nalipa nikinung'unika kama ninyi. Lakini nyumba ni yangu na sijaiuza.

Kwa hiyo nawaomba, mkitoka hapa mkafungue hizo barua. Mzee wangu mwenye kofia, usitikise kichwa, nakusema na wewe. Kwenye fomu andikeni pale mnapolala kweli, si pale moyo unapotamani. Msipoelewa, nendeni mkaulize, makarani hawang'ati. Na msisubiri siku ya kutafuta shahidi ndipo mkajue jina la jirani. Nendeni mkaandikwe. Nendeni misibani, hata kama mtalia kuliko wafiwa.

Namshukuru karani aliyenivutia kiti akaniambia kosa ni langu. Namshukuru balozi, japo mpaka leo tukikutana njiani ananiuliza, "Mama, bado unapita?" Namshukuru nesi mwenzangu wa Kisumu, ambaye siku hizi hanitumii tena barua, anakwenda kunifagilia kaburi la mume wangu.

Na jirani yangu yuko pale nje, amekataa kuingia, anasema ana haya ya kutajwa. Sijamtaja jina, dada, tulia. Mwezi uliopita nilishikwa na homa, sikuweza kunyanyuka. Asubuhi nikasikia hatua zake uwanjani, nikajua anakuja na uji. Bakuli ni lile lile. Ila siku hizi haliweki mlangoni. Aliusukuma mlango, akaingia nalo.

Asanteni kwa kunisikiliza.