Mikono Inayosaga Kimondo

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzetu:

UKARIBISHO

Karibu sana chumbani kwetu. Tunajua umetengewa dakika kumi, na viti hivi tumeazima maabara ya maji, kwa hiyo hatutazunguka. Tumefurahi kukuona.

HISTORIA

Chumba hiki kilianza miaka kumi na tisa iliyopita, kimondo kilipoangukia uwanja wa shule na mwalimu wa zamu akakileta amekifunga kwenye sweta. Mama Msasa, wakati huo mwosha vioo wa maabara, ndiye aliyethubutu kukisaga. Kipande hubandikwa kwenye kioo kwa gundi, naye hukisugua kwa vidole, kwa unga wa msasa na maji, mpaka mwanga upenye. Vipande thelathini vya namna hiyo vikibebana havifiki milimita moja.

MAFANIKIO

Kwa macho matupu utadhani kioo kimechafuka tu. Kiweke chini ya hadubini, katikati ya vichujio viwili vya mwanga, ukizungushe polepole: buluu inawaka, zambarau inazimika, dhahabu inatokea palipokuwa giza. Humo mna matone ya mviringo yaliyoganda kabla dunia hii haijawa dunia. Mlinzi wa getini alipochungulia aliuliza, "Jamani, nani kaweka taa humu ndani?" Tukamwambia hakuna taa, ni jiwe. Akavua kofia. Sisi wenyewe hatujazoea hadi leo, na wala hatutaki kuzoea.

Tunakiri pia kwa aibu: picha zote mia nne tulizopiga kupitia hadubini hiyo zina majina yetu wapiga picha. La msagaji halipo hata kwenye moja.

CHANGAMOTO

Mama Msasa anastaafu Ijumaa, na barua iliyo mezani kwako inaifuta nafasi yake. Mwezi uliopita, akiwa likizo, tulitaka kuonyesha kwamba tunaweza. Kipande cha kwanza kilikuwa bado kinene, tukasema tusugue kidogo tu. Tulipoinua kioo, kilikuwa kitupu. Cha pili vilevile, na cha tatu. Jiwe lililozunguka angani kabla ya bahari kuwepo, tulilimwaga kwenye sinki.

Aliporudi hakugomba. Alitushika vidole mmoja mmoja, akasema, "Mnabonyeza mno, wanangu. Jiwe likikaribia kupitisha mwanga, kidole kinaanza kuteleza vingine. Hapo unaacha." Tumejaribu, hatujausikia bado huo utelezi. Na kimondo kilichobaki hakizidi kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

MAOMBI

Katika nakala ya risala hii aliyosomewa Mama jana, mahali hapa tuliomba pazia la dirisha. Mama, tusamehe, na tafadhali usiinuke. Mgeni rasmi, pazia lisubiri. Tunaomba umwongezee miaka miwili, akae nasi kwenye meza ya kusagia hadi angalau mmoja wetu ajue pa kuachia.

Hadubini iko tayari. Kabla hujaisaini barua ile, inama, fumba jicho moja, uzungushe mwenyewe. Ukiona kuna haja ya kuendelea kuifuta nafasi hiyo, sisi hatutakuwa na la kusema.

Mola akulinde, akupe afya, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi, wafanyakazi wa Chumba cha Picha za Mawe, bila ya Mama Msasa kujua.