Kufuli Nililowafungia Wanangu

Mwenyekiti, akina mama wenzangu wa Mwandiga, nawasalimu kila mmoja kwa imani yake. Leo tunazungumzia usalama wa nyumba zetu, na kila aliyesimama amesema kufuli, kufuli, kufuli. Nimeona nikinyamaza nitakuwa mnafiki.

Miaka ile ya wakimbizi mnaikumbuka. Watu walivuka mpaka na watoto mgongoni, na huku kwetu kila kilichopotea, hata kuku aliyeliwa na kicheche, kaiba mkimbizi. Mimi nilikuwa hodari wa kuyasema hayo. Mume wangu alikuwa Ujiji kwenye dagaa, nyumbani nimebaki na wanangu wawili, mmoja miaka sita, mwingine mitatu. Nikawa naogopa hata kivuli.

Kulikuwa na mama mmoja wa Burundi, anapita na jembe begani akitafuta kibarua cha kulima apate mihogo. "Hodi hapa! Hodi!" Ndugu zangu, nawaambia bila kujificha: nilikuwa nawaziba wanangu midomo kwa kiganja. Hodi ya mtu, jamani, tunaiacha mlangoni! Nikawafundisha kwamba akiita yule, wakae kimya kama hamna mtu.

Siku hiyo nilikwenda mjini kuuza mawese. Maharage yalikuwa motoni. Siku zote tunapikia uani, sivyo? Mimi nikaogopa sufuria itaibwa. Nikaliingiza jiko la mkaa ndani, nikafunga madirisha, nikawafungia watoto kwa kufuli kubwa la nje. Nikaondoka na ufunguo kwenye pindo la khanga, najiona mjanja. Msicheke. Wangapi humu mmewafungia watoto wiki hii?

Narudi mchana, nakuta kelele uani kwangu. "Mwizi! Mwizi!" Majirani wamemkamata yule mama, jembe lake liko chini, kufuli langu limevunjwa. Anaonyesha mlango huku analia: "Abana! Abana!" Sisi Waha tunahitaji mkalimani hapo? Watoto, alisema watoto. Nilisikia, na nilielewa. Na bado niliokota ukuni nikampiga nao mkono wa kulia, nikasikia mfupa ukivunjika.

Bibi mmoja jirani ndiye aliyeingia ndani, akapiga yowe. Wanangu walikuwa wamelegea sakafuni kwa hewa ya mkaa. Tukawatoa nje, tukawapepea. Mkubwa akatapika. Mdogo alikawia, nikawa namwita kama watu wanavyoita msibani, mpaka akalia. Yule mama alikuwa ameketi chini ameshika mkono wake, anamshukuru Mungu kwa ajili ya wanangu!

Nilimpeleka zahanati mwenyewe. Njiani akanieleza kwamba aliita hodi, akasikia mtoto anakohoa, kisha kimya. Kimya nilichowafundisha mimi.

Mwezi mzima nikawa namwekea chakula mlangoni kwake na kukimbia, siwezi kumtazama usoni. Yule bibi akaniambia, "Mwanangu, ugali hausemi samahani. Kaseme wewe." Nikaenda, nikapiga magoti, nikampa ufunguo wa pili wa nyumba yangu. Akaurudisha mkononi mwangu.

"Ufunguo mpe jirani, mama. Mimi nikija nitaita hodi. Wewe uniitikie tu."

Namshukuru yule bibi. Nawashukuru majirani waliokwenda nao kuomba radhi, maana wapo waliokataa. Akina mama, jiko la mkaa lisilale wala lisikae ndani. Mtoto asifungiwe, aachwe kwa jirani, na ufunguo aachiwe jirani. Na huyo jirani mjueni leo, msingoje siku ya moshi. Mimi nililijua jina la mtu aliyeokoa wanangu nilipokuwa nimeshamvunja mkono.

Yule mama alikuja, wiki mbili baada ya mimi kumpigia magoti. "Hodi hapa!" Nikakimbia kumfungulia, naitikia karibu, karibu, karibu, kama mwendawazimu. Nikanyoosha mkono kumsalimia. Akanipa wa kushoto.