Maziwa ya Zegereni: Maisha ya Khalfani Omary Kondo, 1985–2024

Assalaam aleikum, nanyi mliotoka kanisani asubuhi hii kuja kutufariji, poleni na safari. Familia imenituma niwasomee maisha ya kijana wetu kama alivyotaka yasomwe, pamoja na yale ambayo si kawaida kusomwa mbele ya jeneza.

Marehemu Khalfani Omary Kondo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1985 hapa Msimbu, Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Omary Kondo na Bi Biubwa Ally, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1993 hadi 1999, kisha akalima mihogo na mananasi na baba yake hadi alipohamia Kibaha.

Februari 2011 aliajiriwa Zegereni, kwenye kiwanda kinachochemsha oili chafu kuwa mafuta ya mitambo, kazi yake ikiwa kuingia ndani ya matangi na kukwangua tope kwa koleo, kitambaa kikiwa puani, na jioni kujisafisha kwa petroli, kwa kuwa tope lile halitoki kwa sabuni. Kabla ya kushuka kila mtu alipewa pakiti ya maziwa, ikiaminika kwamba maziwa hukata sumu, na Khalfani aliamini kuliko wote, hata alipofanywa nyapara mwaka 2016 hakumruhusu mtu kushuka bila kunywa, wenzake wakamwita Mzee wa Maziwa.

Tarehe 22 Juni 2013 alimwoa Firdausi Abdala, wakajaliwa watoto wawili, Hamisa na Ally.

Tarehe 19 Agosti 2021, kibarua mgeni, Husseini, aligoma kushuka tangi la tatu, akisema harufu inampiga kichwani. Khalfani alimzaba kofi mbele ya wenzake, akamtupia pakiti: "Kunywa, ushuke, acha kudeka!" Husseini alikunywa, akashuka, akaanguka. Khalfani alimfuata, akamfunga kamba, naye akaishiwa nguvu, wakavutwa wote wawili kama magunia, kichwa cha Husseini kikapiga ukingo wa tangi kikapasuka, maziwa na damu vikamtoka puani. Alikuwa ameshakufa.

Baada ya wiki mbili tangi lilelile lilifunguliwa tena, maziwa yakaletwa. Khalfani alizivunja kreti kwa koleo, kisha akauvunja mkono wa msimamizi aliyezileta, akafukuzwa kazi na kufungwa miezi sita.

Novemba 2023 alianza kutoka damu kwenye fizi, na mwili ukawa na michubuko bila kupigwa na mtu. Madaktari waligundua saratani ya damu, wakamuuliza kazi aliyoifanya, wakamweleza kwamba mvuke wa mafuta huingia kwa pua, petroli hupenya kwenye ngozi, na maziwa yaliyomo tumboni hayazuii lolote kati ya hayo. Aligeukia ukuta, akamwambia mkewe, "Kofi lile nilimpiga mtu aliyekuwa anasema kweli." Alifariki jana, Jumamosi tarehe 2 Novemba 2024, alfajiri, akitapika damu.

Leo asubuhi kiwanda kimeleta kreti nne za maziwa kusaidia msiba. Anselmi, Mnyamwezi, mtani wetu, ambaye kesho Jumatatu amepangiwa tangi la tatu, alichana pakiti moja kwa meno, akalifuata jeneza kwa ruhusa ya utani, akalipiga ngumi: "Mzee wa Maziwa, amka unywe! Mzaramo mvivu wewe, umelala, mimi kesho nashuka!" Watu walicheka, kisha wakaacha. Firdausi, akiwa ndani kwenye eda, alijibu kupitia dirisha, "Shemeji, usishuke."

Anselmi aliiweka pakiti chini, akakaa kando ya jeneza. Bado amekaa pale.

Marehemu ameagiza hivi: msishuke kabla tangi halijapulizwa hewa na kupimwa, msishuke bila barakoa yenye mpira wa hewa safi kutoka nje, na msioge petroli. Na maziwa yaliyoletwa leo, sisi familia tunaomba wapewe watoto, kwa kuwa ni chakula.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, majirani wa Msimbu na Zegereni, na familia ya marehemu Husseini, waliofika alfajiri na majembe yao kuchimba kaburi hili. Wafanyakazi wenzake, tunawashukuru, na kesho asubuhi tunawaomba mkae nje ya tangi pamoja na Anselmi.

Khalfani, Mungu akurehemu, ulale kwa amani.