Upande wa Mbuthia

Mwaka ule wa 1979, katika basi la kwenda mtaa wa Jericho, mama mmoja muuza mboga aliitazama raketi mapajani mwa Munyoki. "Kijana, hiyo ni ya kuvulia samaki?"

"Ni ya badminton, mama. Ndiyo kazi yangu. Tunacheza wawili wawili."

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Mbuthia? Wakubwa wa chama cha badminton wamempanga na mpwa wa mwenyekiti. Jana wamepanda ndege kwenda mashindanoni." Miaka tisa Munyoki alicheza ubavuni mwa Mbuthia, na wakubwa hao hata kufunga wavu hawajui.

"Basi cheza peke yako!"

"Nimejaribu leo asubuhi. Kile kinyoya tunachopiga kikija kulia nakiacha kianguke, napiga kelele, 'Chako!' Kulia ni kwa Mbuthia."

Mama alicheka, akagundua anacheka peke yake. "Tafuta mwingine."

"Nianze tena miaka tisa?"

"Na huyo Mbuthia akirudi akutake?"

Basi lilipokaribia Jericho, Munyoki aliikwapua raketi yake. "Nitamtukana mbele ya watu wote," akasema, akisimama. "Halafu nitamwuliza mazoezi ni saa ngapi."

Basi likasimama. "Huna haya wewe!" mama akamwambia, na Munyoki akashuka bila kubisha.