Kiti cha Mbele Kwenye Chemba

Sogeeni, wanangu, kaeni pale ninapoweza kuziona nyuso zenu bila kugeuza shingo. Kudura, mama, wewe kaa huku mkono wa kulia, na Salum akae karibu na mlango, ili machozi yakimzidi atoke bila kunikanyaga miguu. Mama yenu amenisikiliza miaka yote hii, mwacheni ajinyooshe hapo kwenye mkeka. Nimengoja mbalamwezi ianze ndipo niseme, kwa sababu wakati wa giza wavuvi wa dagaa wanakuwa ziwani, lakini mwezi ukikua dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inapandishwa ufukoni, na watu wa Mwigobero wanapata nafasi ya kuja kumtazama mgonjwa. Nawasikia hapo uani. Na wao wasikie kwamba nimesema na wanangu akili zangu zikiwa timamu.

Nyumba hii ni yako, Salum, na mama yako ataishi humu mpaka Mungu atakapomwita, wala usimpangishie mtu chumba chake hata kama duka lako la Bunda limekwama. Banda la kutengeneza karabai nimempa Kudura tangu leo, nikiwa hai, na shehe amesikia. Najua watakuja wa kusema mtoto wa kike na pampu za taa wapi na wapi. Waulize, Salum, karabai zao nani alizifungua mwaka mzima huu ambao mimi nimelala hapa.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Kudura ameniomba mara nyingi ruhusa ya kujiunga na chemba ya wafanyabiashara, na kila mara nimemjibu kwamba mtoto wangu hataingia mahali ambapo Twalib yumo, labda nife kwanza. Basi, mama, ninakufa, na jibu lako nitakupa leo, ila nitakupa kwa njia yangu, na njia yangu ni ndefu kidogo.

Ninyi mlikuwa wadogo ile miaka ya shida. Sabuni ilikuwa ya foleni, mafuta ya taa yalikuwa ya kibali, na vipuri vya karabai havikuwepo kabisa, na mtu akikutwa navyo kutoka ng'ambo ya mpaka aliitwa mhujumu uchumi. Taa ya mvuvi bila washa ya pampu, kile kiduara kinachosukuma upepo, ni chuma tu. Mimi nikaenda Butiama kwa Mzee Wambura, mfugaji, nikachukua kipande cha ngozi ya ng'ombe, nikakikata duara, nikakiloweka kwenye mafuta, nikakikunja taratibu mpaka kikakaa kama kikombe, na pampu ikasukuma upepo. Watu wa Mwigobero wakala dagaa. Twalib alikuwa banda la pili, alijifunza kukata ngozi kwa kunitazama mikono, nami sikumficha, maana enzi hizo ukikosa kitu ulinyoosha mkono kwa jirani, na jirani alikupa bila kusimamisha kazi yake. Hatukuwa na kadi ya kitu chochote. Fundi alijulikana kwa mkono wake, na mkono uliojulikana ulikuwa wangu.

Biashara ilipofunguliwa vipuri vikarudi, ila viliishia Mwanza, kwa watu wakubwa. Ndipo akaja kijana mmoja wa chemba, Danford, kutueleza faida za kujiunga. Angalieni mambo yanavyokwenda. Banda langu ndilo la kwanza ukitoka barabarani, lakini siku hiyo nilikuwa Butiama kuchukua ngozi, akakuta nimefunga, akaingia la pili, akanywa chai kwa Twalib. Niliporudi nilimkuta Twalib anawaeleza wavuvi maana ya chemba kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga. Akaniambia, "Fundi, jiandikishe na wewe, tuwe wawili." Tuwe wawili! Mimi niliyemfundisha, niwe wa pili wake. Nikamjibu, "Mimi najulikanaga ziwa zima, kadi ni ya mtu asiyejulikana." Wavuvi wakacheka sana, na kicheko kile nilikishiba wiki nzima.

Mwanzoni sikupata sababu ya kujuta. Walikuwa wanakunywa soda na kusikiliza hotuba, na mkutano wao waliupanga wakati wa mbalamwezi, siku zile zile ambazo karabai za mwambao wote zinaletwa kwa fundi. Wenye maduka hawajui mwezi. Twalib alifunga banda aende akakae kwenye viti, na wateja wake wakaja kwangu. Nilifurahi, sitawaficha.

Halafu wakaanza kuagiza mizigo kwa pamoja. Akaitwa kwenye maonyesho Mwanza, akasimama mbele ya watu na karabai yake, akapata watu wa kumletea tambi na washa moja kwa moja. Akapaka banda lake rangi ya bluu, akaandika Twalib na Wanawe. Hata kukohoa kwake kulibadilika, akawa anakohoa kama mtu anayefungua kikao. Vipuri vyake vilikuwa bora kuliko vya Mwanza, na mimi nilivihitaji, basi nikawa namtuma Magesa, yule mkulima wa pamba wa Bunda, akaninunulie kama vyake. Siku moja Magesa akarudi anacheka. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Twalib ameniuliza, tangu lini pamba inapaliliwa kwa karabai? Kisha akanichagulia washa zilizo nzuri." Usiku ule sikugusa chakula, na mama yenu akadhani ni malaria.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Mnakumbuka ule mpango wa halmashauri wa kuondoa mabanda yote pale mwaloni, mitumbwi inapopandishwa. Mimi nilikwenda ofisini peke yangu, nimevaa kanzu safi, nikaambiwa nije kesho, na kesho yake nikaambiwa vivyo hivyo. Chemba ikaenda kwa pamoja, ikapewa viti. Danford ndiye aliyenisimulia kwamba Twalib alisimama akasema, "Mkitaka kutuhamisha, anzeni na banda la kwanza, la Hamduni, muone wavuvi watawafanya nini." Alilitetea banda langu kabla ya kulitaja lake. Mabanda yakabaki, na langu likabaki pamoja nayo. Wanangu, tangu siku ile kila asubuhi nikifungua mlango wa banda lile nakumbuka ni nani aliyeufanya uendelee kufunguka. Angenitukana ningepona. Alinitetea, na hilo halina dawa.

Kudura, mama, nipe maji. Kidogo tu.

Basi jibu lako ni hili. Jiunge. Salum naye ajiunge huko Bunda. Kadi haitakata washa, wala haitamrudisha mteja ambaye taa yake umeiharibu, na ukikaa nyuma kimya watakupa soda na kukuaga salama. Chukua kiti cha mbele. Siku ya kwanza tu, sema mkutano uondolewe kwenye mbalamwezi upelekwe kwenye giza, maana chemba isiyojua siku za kazi za fundi ni ya wenye maduka peke yao. Wakinung'unika, sema tena, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Mtu asiseme moyo wangu umelainika. Nawaambia mjiunge kwa sababu sitaki watoto wa Twalib wajue bei ya mzigo kabla ya wanangu. Sijilaumu, na wivu wangu nauchukua kaburini mzima, msigawane.

Akija mazikoni mpeni nafasi ya kubeba jeneza. Upande wa nyuma. Ngozi iliyobaki iko kwenye mtungi... mafuta yabadilishwe. Msigombane juu ya koleo. Mungu awape mikono yenye subira, awape majirani wa kunyooshea mkono, awafunike mama yenu na ninyi...

Ngojeni. Ile karabai inayolia hapo uani ni ya nani? Taa yetu hailii hivyo. Ya Twalib? Ameileta mwenyewe, awamulikie wageni... Isikilizeni. Pampu yake inavuta upepo mtupu. Washa imechoka, ile ya dukani, ya maonyesho. Itazima sasa hivi.

Kudura, nenda. Chukua ya ngozi, ile niliyokata mimi. Mfungie hapo hapo, watu wakitazama. Akiuliza... mwambie ni ya banda la kwanza.

Acheni mlango wazi. Nataka kuisikia ikikaa sawa.