Shangazi Anauacha Ukurasa wa Kumi na Moja

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mhariri wa Ukurasa wa Mashairi anastaafu baada ya kulitumikia gazeti letu la kila wiki kwa miaka thelathini na mitatu. Ukurasa wake unafungwa siku hiyohiyo. Kamati ya sherehe iliomba wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Ufupi umezingatiwa.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, karani wa kufungua barua. Meza yake ilikuwa chini ya ngazi, mahali ambapo kila aliyepanda ghorofani alimdondoshea vumbi kichwani. Kazi yake ilikuwa kupasua bahasha, kugonga mhuri wa tarehe na kupeleka kila barua kwa mwenyewe. Yeye akaongeza kazi ambayo hakutumwa na mtu: alizijibu. Msomaji aliyelalamika kwamba gazeti lake limefika limelowa alipata jibu la mkono, lenye salamu kwa watoto. Ndipo wasomaji walipoanza kumwita Shangazi, na jina hilo likapanda ngazi kabla yake. Wapo waliodhani ni shangazi wa kutatua mambo ya ndoa, wakamwandikia kuhusu waume zao. Hao nao aliwajibu. Kwa taarifa tulizonazo, ndoa mbili zilipona na moja ilivunjika kwa amani.

Mwaka wake wa sita alikabidhiwa ukurasa wa kumi na moja. Ulikuwa ukurasa wa mashairi ya vina na mizani, kila ubeti umenyooka kama kitanda cha bweni siku ya ukaguzi. Aliutunza hivyo kwa miaka mitatu. Kisha fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akaleta shairi lisilo na kina hata kimoja, maneno yake yakishuka ukurasani moja moja, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Shangazi alilichapisha bila kumuuliza mtu.

Barua za wiki ile zilijaza ndoo. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliurudisha ukurasa wenyewe ukiwa umesahihishwa kwa wino mwekundu, alama mbili kati ya kumi, na pembeni ameeleza kuwa hizo mbili ni za usafi. Mtu mwingine alipiga simu kuuliza kama mtambo wetu umeng'oka meno. Dereva wa lori aliandika kwamba amelisoma shairi mara nne akiwa kwenye foleni ya mafuta, hakuelewa kitu, na angependa kujua lingine linatoka lini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisema hufungia misumari kwa magazeti aliyokwisha kuyasoma, na kwamba wateja wawili wamerudi kudai mwisho wa shairi, wakidhani yeye ndiye aliyeuchana. Mama mzazi wa Shangazi, aliyesomewa ukurasa kila Jumapili, akawa anauliza kabla ya jambo lingine lolote: "Na wale watu wako, bado hawajapata nafuu?"

Barua hizo Shangazi alizitunza katika maboksi matatu ya viatu. La kwanza aliliandika Waliopenda, la pili Waliokasirika, la tatu Wasiojua. Alianza kujibu la tatu. Alisema aliyependa ameshapata chake, na aliyekasirika vilevile, lakini asiyejua bado amesimama mlangoni. Msahihishaji wa gazeti, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, hakuwamo katika boksi lolote kwa kuwa hakuandika barua. Maoni yake kuhusu mashairi hayo aliyatoa kwa mdomo, kila Jumatano, na Shangazi aliyasikiliza hadi mwisho huku akimmiminia chai.

Katika mwaka wake wa kumi na saba, muuguzi wa wodi ya watoto alileta shairi lililoitwa "Kitanda cha Sita". Mistari yake ilikuwa ya mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Kila mstari ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia, hadi ukabaki mmoja wenye neno moja tu, "subiri", na chini yake nusu nzima ya ukurasa ilikuwa tupu. Muuguzi aliambatisha kikaratasi kilichosema kwamba nafasi ile ni sehemu ya shairi na isiguswe. Shangazi alikibana kwa pini nyuma ya shairi, akalipeleka shairi kwa mpangaji kurasa, akaenda nyumbani kumuuguza mama yake, ambaye wiki ile alikuwa katika hali mbaya.

Mpangaji kurasa aliiona nafasi, kikaratasi hakukiona, akadhani kuna kitu kimedondoka njiani, akaweka tangazo la magodoro. Lilikuwa na picha ya mume na mke waliolala wakitabasamu, na chini yao maneno: "Hutatamani kuamka." Ukurasa ukaletwa kwa msahihishaji pamoja na karatasi zake zote. Kikaratasi cha muuguzi kilikuwa bado kwenye pini. Msahihishaji alikisoma. Aliona kwamba kazi yake ni maneno, na kwamba mahali pale mshairi hakuweka neno lolote, kwa hiyo hapakuwa na cha kusahihishwa. Akatia sahihi.

Hakuna shairi lililowahi kupokewa vizuri kama lile. Zilikuja barua mia moja na arobaini, na karibu zote zilikwenda kwenye boksi la Waliopenda. Wasomaji waliamini kwamba godoro ndio mstari wa mwisho. Mkufunzi wa chuo alijaza kurasa mbili akieleza kuwa godoro ni raha ya dunia inayomlaghai binadamu hadi mlangoni pa kaburi. Mwalimu mkuu alitoa alama saba, akaongeza kwamba hatimaye watu hawa wameanza kufikiri. Fundi wa kuchomelea aliandika kwa wivu usiofichika, akitaka kujua kama naye angeruhusiwa picha. Mkurugenzi aliamuru ukurasa uwekwe kwenye fremu na kutundikwa mapokezi, ambako upo hadi leo.

Muuguzi alikuja wiki iliyofuata, akitoka zamu, bado amevaa sare. Mpokezi anakumbuka kwamba alisimama mbele ya fremu kwa muda mrefu, akauliza Shangazi anakaa wapi, akapanda. Shangazi alikuwa amerudi kazini asubuhi ile, mama yake akiwa ameanza kula. Waliokuwa ofisini walijiandaa kusikia matusi, maana tulikuwa tumeyazoea. Hakukuwa na matusi.

"Ile nafasi haikubaki, Shangazi," alisema. "Niliiacha. Ni ya binti yangu."

Binti alikuwa na miaka minne. Alilazwa katika wodi ileile ambayo mama yake alifanya kazi, kitanda cha sita, na mama yake ndiye aliyekuwa zamu usiku wa mwisho. Shangazi alimsogezea kiti, lakini hakukaa. Alisema ana daftari zima la mashairi mengine, na kwamba hatatoa hata moja mpaka lile lichapishwe upya jinsi alivyoliandika, na gazeti likiri kosa. Shangazi aliahidi papo hapo, tena bila kumuuliza mtu.

Mkurugenzi alikataa. "Tusahihishe nini?" aliuliza. "Hakuna neno lililokosewa. Na watu wamelipenda." Alisema pia kuwa wote waliolisifia godoro wangeonekana wajinga, na msomaji akishafanywa mjinga hanunui tena gazeti. Tangu hapo, kila Januari, katika mkutano wa mipango ya mwaka, Shangazi alilileta jambo hilo chini ya kichwa cha Mengineyo, saa ambayo watu wameshaanza kukusanya karatasi zao. Wakurugenzi walibadilika, jibu halikubadilika. Kumbukumbu za mikutano kumi na sita zina neno moja mbele ya jambo lake: Limeahirishwa.

Kuna jambo ambalo hakulisema katika mkutano hata mmoja. Msahihishaji ana desturi ya kuweka alama yake kwenye kila karatasi aliyoisoma. Kikaratasi cha muuguzi kilirudi kwa Shangazi kikiwa na alama hiyo. Alijua kwamba kilisomwa, na alijua na nani. Lawama zote zilipomwangukia mpangaji kurasa na yeye mwenyewe, alikiweka kikaratasi kwenye droo, akaifunga. Jumatano iliyofuata chai ilimiminwa kama kawaida.

Kazi yake haikuishia hapo. Alichapisha mashairi zaidi ya elfu moja na mia tano. Washairi wake sita wametoa vitabu. Alifundisha makarani wawili, na mmoja wao leo ni naibu mhariri. Hata hivyo, mfuko wa barua ulizidi kuwa mwepesi. Mwalimu mkuu alifariki, na kalamu yake nyekundu haikupata mrithi. Dereva wa lori aliacha kuandika, hatujui kwa nini. Barua zikawa ujumbe wa simu, ujumbe ukawa vipicha vya dole gumba, halafu navyo vikaadimika. Mwaka jana wote ukurasa wa kumi na moja ulipata maoni kumi na moja, na matatu kati ya hayo yalikusudiwa ukurasa wa michezo. Shangazi alisema siku moja, tukiwa kwenye ngazi, kwamba angefurahi hata kama angetukanwa.

Mwaka huu mkurugenzi wa sasa aliamua kuufuta ukurasa. Kama zawadi, alimwachia Shangazi toleo la mwisho afanye apendavyo. Alichapisha "Kitanda cha Sita", pamoja na nusu ukurasa wake mtupu. Aliomba uongezwe mstari mmoja tu wa kuomba radhi. Alikataliwa, kwa hoja kwamba radhi ingehitaji maelezo, na kosa lenyewe hakuna anayelikumbuka. Shairi likatoka hivyo, bila neno la gazeti.

Alimpelekea muuguzi nakala kwa mkono. Nyumbani alimkuta kaka wa muuguzi akitengeneza baiskeli mbele ya mlango. Dada yake, alisema, alifariki mwaka juzi. Daftari hajui liliko, vitu viligawanywa kwa ndugu, na karatasi nyingi zilichomwa. Alijifuta mikono, akaupokea ukurasa, akausoma kwa kusimama hadi neno la mwisho. Kisha akaugeuza nyuma kuona shairi linaendelea wapi.

Maoni ya wasomaji kuhusu toleo hilo yalikuwa matatu. Mmoja alidai nakala iliyokamilika. Mwingine aliuliza kama tumeishiwa wino. La tatu lilitoka humuhumu ndani, idara ya matangazo, ikitaka kujua nani aliruhusu nafasi nzuri kama ile ikae bure. Shangazi aliyajibu yote kwa mkono, na salamu kwa watoto.

Radhi iliyokataliwa gazetini inachapwa hapa, katika kijitabu cha sherehe kitakachosomwa na watu arobaini, wengi wao wakisubiri chakula. Chini ya neno la mwisho la shairi "Kitanda cha Sita" hapakupaswa kuwekwa kitu. Msahihishaji aliambiwa hivyo kwa maandishi, akaelewa, akatia sahihi. Mpangaji kurasa hakukiona kikaratasi, na Shangazi hakuwapo. Kosa ni la msahihishaji peke yake. Limechukua miaka kumi na sita kukiriwa, na mtu aliyestahili kusoma maneno haya amekwisha kuondoka.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila bahasha uliyoifungua na kwa ile droo uliyoifunga, ingawa hukupaswa kuifunga. Tunakuombea afya, utulivu wa nyumbani, wajukuu wenye kelele na macho yasiyochoka kusoma. Ukipenda kutuandikia, andika. Kuanzia Jumatatu hakuna aliyeajiriwa kufungua barua, lakini msahihishaji atateremka mwenyewe, kila asubuhi, kuangalia kama imekuja.